Jibu: Kihisi cha nje kinasoma joto kubwa mno

Ndugu, umeuliza kwa nini kihisi cha nje cha kituo chako cha nyumbani cha kupimia hali ya hewa, ulichokifunga chini ya ukingo wa bati hapo Dodoma, kinasoma nyuzi 41 mchana, na kwa nini mgandamizo wa hewa ni hektopaskali 890 badala ya elfu moja na ushee.

La pili si hitilafu. Mji uko takriban mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, hivyo ingiza mwinuko huo kwenye mipangilio, na kifaa kitakokotoa chenyewe mgandamizo wa usawa wa bahari.

Joto ndilo lenye kazi. Bati likishapigwa jua hutoa joto kuelekea chini, na kihisi hupima bati badala ya hewa; kihamishie kwenye nguzo uani, kimo cha mita moja na nusu hivi, juu ya udongo na si sakafu ya saruji, ndani ya kikinga-jua cheupe kinachopitisha upepo (visahani vyeupe vya plastiki vilivyopangwa kwa kuachiana nafasi vinatosha kabisa). Bati huzuia pia mawimbi ya redio, kwa hiyo kipokezi (kile kifaa cha ndani kinachopokea vipimo vya kihisi) kikae karibu na dirisha linalotazama nguzo. Kipima mvua kisawazishe kwa pimamaji, mbali na ukuta, na ukisafishe kabla ya Desemba, kwa kuwa vumbi la kiangazi hukwamisha kikombe kilicho ndani yake, kinachopinduka kila kinapojaa maji ya mvua.