Ufunguo wa pili: miaka yangu ya kuishi peke yangu Mtwara

Mpaka natimiza miaka 24 sikuwahi kulala chumba kimoja peke yangu. Nimekulia Newala, nyumbani kwa bibi mzaa mama, wajukuu watatu kitanda kimoja, mmoja kichwa huku, mwingine miguu kule. Usiku ukishtuka, unanyoosha mkono tu unamgusa mtu. Nilipochezwa unyago, somo yangu alinifunda mengi ambayo si ya kuandika hapa, na mpaka leo namshukuru. Lakini yote yalihusu kuishi na watu: mume, wakwe, mawifi, watoto. Hakuna aliyewaza kwamba mwali huyu siku moja atafunga mlango kwa ndani na humo ndani asiwemo mwingine.

Ndiyo sababu nawaandikia ninyi mnaoshuka mjini kutoka Newala, Tandahimba, Nanyumbu, Ruangwa au Liwale kwa ajili ya chuo au kazi. Nawaandikia na vijana wa kiume, maana nao wanaogopa, ila hawasemi.

Mimi nilikuja Februari 2019, nimepata kazi ya ukarani kwenye duka la pembejeo, pale wakulima wanaponunua salfa ya kupulizia mikorosho. Mjomba alinisindikiza. Kwetu Wamakonde mjomba ndiye mwenye neno, kwa hiyo yeye ndiye aliyezungumza na mwenye nyumba, akalipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, akanikabidhi kufuli jipya na noti ya elfu kumi, kisha akapanda basi kurudi. Nikabaki nimesimama katikati ya chumba huko Magomeni, godoro bado limo kwenye nailoni yake.

Hofu yangu ya kwanza ilikuwa ya masikioni. Usiku kitu kinagonga juu ya bati, ta! Nyuma ya ukuta kitu kinakwaruza. Mlango wa choo cha uani unajifungua na kujifunga. Nililala taa inawaka wiki nzima, mpaka usiku mmoja umeme wa LUKU ukaisha saa tisa, giza likaingia kama mtu. Nilikaa kitandani nimekumbatia magoti mpaka nikasikia adhana ya alfajiri. Asubuhi nikaenda kazini macho mekundu, nikamwambia kila aliyeniuliza kuwa ni vumbi la salfa.

Miezi miwili ikapita hivyo. Kazini, sokoni, ndani. Uani tulikuwa wapangaji wanne na sikujua jina la hata mmoja. Nikirudi nasalimia haraka haraka nikiwa tayari nimeshika ufunguo. Nilidhani huko ndiko kujitegemea, kutomsumbua mtu na mtu asikusumbue.

Kisha kikatangazwa kimbunga Kenneth. Mliokuwa Mtwara mnaikumbuka Alhamisi ile ya tarehe 25 Aprili 2019. Redio zinasema watu wakae mbali na bahari, shule zimefungwa, mtaani kwetu wengine wanafunga mizigo waende kwa ndugu. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya kitanda, simu imebakiza chaji kidogo, vocha sina, ndoo zote tupu, mshumaa hata mmoja hamna. Mjomba yuko Newala. Nilikuwa nalia, na kilichoniliza zaidi ni kwamba sikujua hata pa kuanzia.

Nikasikia hodi. Alikuwa bibi wa nyumba ya pili, mama wa makamo ya sabini hivi, ambaye nilikuwa nampita kila siku na shikamoo yangu ya mbio mbio. Hakuniuliza kwa nini nalia. Alisimama mlangoni akasema, "Mwanangu, umejaza maji?"

Tulijaza maji. Akanionyesha pa kuweka mawe juu ya bati lililolegea, akaniambia nitoe vitu sakafuni, nitie kitambulisho na mkataba wa chumba kwenye mfuko wa nailoni. Kimbunga chenyewe kilitua kusini kwetu, Cabo Delgado, na wenzetu wa Msumbiji ndio walioumia. Sisi tulipata upepo na mvua. Usiku ule nililala kwake, na hapo ndipo nilipojua kwamba bibi yule naye anaishi peke yake. Mumewe alifariki, watoto wako Dar es Salaam, na kila usiku anafunga mlango wake mwenyewe na kulala usingizi wa kweli.

Nilimuuliza anawezaje. Akanijibu kwa kunichukua uani jioni iliyofuata, tochi mkononi. Akanionyesha bati: mchana jua linalitanua, usiku likipoa linajikunja, ndipo linapolia ta. Akanionyesha kuti kavu linalokwaruza ukuta upepo wa bahari ukivuma. Mlango wa choo ulikuwa na bawaba iliyolegea. Popo wa kwenye mwembe. Paka wa jirani. Kila sauti akaipa mwenyewe. Fanya hivyo wiki yako ya kwanza, tafadhali: zunguka nyumba yako wakati wa magharibi na mtu anayeijua, uliza kila kitu. Usiku wa pili bati lilipogonga, nilisema kimoyomoyo "ni bati", nikageukia upande wa pili.

Baada ya masikio ikaja zamu ya mikono. Newala nilikuwa nabeba ndoo ya maji kichwani mwendo mrefu bila kushikilia, lakini sikujua kubadili balbu. Kila kilichoharibika nilimwita fundi, na fundi akijua huelewi kitu anataja bei anayotaka. Nilinunua bisibisi, testa, plaizi na ule utepe mweupe wa kuzungushia nyuzi za bomba, kidogo kidogo, kila mwezi kimoja. Nikajifunza kuzima swichi kubwa kabla ya kugusa chochote cha umeme, kisha kuhakikisha kwa testa kwamba kweli umezimika, na mikono iwe mikavu. Koki iliyokuwa ikidondosha maji nikaifungua mwenyewe siku ya Jumapili, nikakuta kipira cha ndani kimelika, nikanunua kingine kwa pesa ndogo sana. Nilikaa chini nikaitazama koki ile isiyodondosha kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili. Ujasiri wangu mwingi umetoka kwenye vitu vya namna hiyo. Fundi bado namwita, nyaya za ukutani sizigusi, ila sasa nakaa pembeni nikiangalia na ninajua ninacholipia.

Hapa kwenye moto niwe mkali kidogo, kwa sababu anayeishi peke yake hana wa kumwamsha. Usiingize jiko la mkaa chumbani ukafunga mlango na dirisha, hata kama mvua inanyesha, hata kama makaa yanakaribia kuzima. Mkaa unatoa hewa ya sumu, kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu; unaona usingizi tu, na usingizi huo watu hawaamki. Pikia nje au barazani. Ukiwa na mtungi mdogo wa gesi, kila unapoubadilisha paka povu la sabuni kwenye maungio: likitoa mapovu yanayokua, gesi inavuja. Ukisikia harufu yake usiku usiwashe taa wala kiberiti. Funga mtungi, fungua madirisha, toka nje. Na namba 114 ya Zimamoto iandike ukutani, maana ukiwa na hofu hata namba ya mama yako unaisahau.

Kitasa nacho badilisha siku unayohamia. Mpangaji aliyetoka huenda ana ufunguo, naye akawa amempa rafiki, rafiki kampa mdogo wake. Kitasa ni gharama ya mara moja. Kodi unayolipa iandikiwe, hata kama mwenye nyumba ni mtu wa dini na anakuita mwanangu. Mara moja niliwahi kudaiwa miezi miwili niliyokwisha lipa, na kilichoniokoa ni karatasi moja yenye sahihi. Na kwa mabinti: dereva wa bodaboda akikuuliza unaishi na nani, jibu lako lianze na "tuna". Tunaishi, tunakaa, tumehamia. Si uongo, uani mpo wengi.

Kula peke yako kunasumbua mwanzoni. Nilikuwa napika kama nyumbani, sufuria la watu saba, kisha nakula kiporo siku tatu. Soko la kwetu lakini linamjua mtu mmoja: dagaa wako kwa fungu, nyanya kwa fungu, ming'oko, ile mizizi ya porini, iliyochemshwa unanunua ya kukutosha ukala ukitembea. Robo ya mchele, nusu nazi, fungu moja la samaki. Unga wa makopa, yaani mihogo mikavu, unakaa muda mrefu ukiuweka pakavu. Na angalau mara moja kwa wiki kula mahali penye watu. Mara ya kwanza nilipoagiza pweza Shangani na kukaa mezani peke yangu nilihisi macho yote ya pwani yako mgongoni kwangu. Hakuna aliyekuwa akinitazama. Mwezi uliofuata nikapanda daladala mpaka Mikindani, si mbali, nikatembea kwenye vichochoro vya nyumba za kale, nikakaa ufukweni maji yakikupwa. Sikuwa na sababu ya kwenda wala wa kumuaga. Nilirudi nimenyooka mgongo.

Kilichonishinda kabisa kilikuwa kuumwa.

Mwaka wangu wa pili, usiku, homa ilinipanda natetemeka mpaka kitanda kinalia. Nilikuwa na namba ya bibi. Sikupiga. Nilijiambia nimeshakuwa mtu wa kujitegemea, siwezi kumwamsha mzee usiku wa manane. Nikajaribu kwenda kunywa maji, nikaanguka kati ya kitanda na mlango, na pale nilikaa mpaka kunakucha. Bibi ndiye aliyegundua, kwa sababu hakusikia fagio langu uani. Alinipeleka zahanati kwa bajaji, nikapimwa, malaria. Njiani hakusema neno. Alipoona nimepata nafuu ndipo aliposema, kwa sauti ya chini, kwamba mimi nilimnyima haki yake. Nilimwelewa vibaya siku ile, nikadhani ananikaripia. Leo naelewa kwamba alikuwa ananieleza uchungu: mtu uliyelala nyumbani kwake siku ya kimbunga, ukaumwa ukamficha.

Tukapanga utaratibu ambao nakushauri uuchukue kama ulivyo. Kila asubuhi nikiamka nafungua pazia la dirisha linalotazama kwake, naye anafungua lake. Ikifika saa mbili pazia halijafunguliwa, mwenzako anakuja kugonga. Haihitaji vocha. Nikamwachia na ufunguo wangu wa pili, kwa maana kugonga mlango wa mtu aliyezimia hakusaidii. Ukiumwa, usimeze dawa ya malaria kwa kubahatisha. Kipimo cha haraka hakimalizi hata nusu saa. Ukipewa dawa ya mseto, weka kengele ya simu, kwa sababu dozi ya pili inamezwa zikipita saa nane tangu ya kwanza, kisha asubuhi na jioni siku ya pili na ya tatu, na imeze ukiwa umekula. Nyumbani kuna mama wa kukumbusha. Hapa kuna simu.

Watu watasema. Mwanamke mwenye chumba chake, anayerudi kwa saa zake, hakosi kupewa wanaume asiowajua. Nililia sana kwa maneno hayo, na sikushindana nayo kwa mdomo. Nilijitambulisha kwa mwenyekiti wa mtaa. Nikaanza kwenda misibani. Tukipata msiba mtaani natoa mchango wangu, nakaa na kina mama, namenya vitunguu, naosha masufuria makubwa. Mtu uliyekaa naye jamvi moja usiku mzima anapata kigugumizi kukusema vibaya, na wengine wakikusema yeye ndiye anayewanyamazisha. Harusi unaweza kukosa, msiba usikose.

Mei 2024 kikaja kimbunga kingine, Hidaya. Hicho kilielekea upande wa Mafia, kaskazini yetu, lakini kwa mvua zile barabara ya Dar es Salaam ilikatika huko Kilwa, eneo la Somanga, mabasi yakakwama. Mjomba alinipigia simu ana wasiwasi. Nilikuwa tayari nimejaza ndoo, nimechaji simu na tochi, nimekaza bati la jikoni kwa mikono yangu, nimenunua unga na dagaa wa wiki mbili. Nikavuka uani kwenda kumwangalia bibi. Nilimkuta ameketi kwenye mkeka, mapipa yake yamejaa hadi juu, anachambua kunde.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Kaa."

Nikakaa, nikamsaidia kuchambua. Baada ya kitambo akafungua pindo la kanga yake, pale anapofunga pesa ya matumizi, akatoa ufunguo mmoja wa shaba akaniwekea kiganjani. Akasema magoti siku hizi yanamsumbua usiku. Kisha akaendelea na kunde zake.