Unamwandalia mbunge hoja ya ubinafsishaji? Niulize mimi niliyeaibika

Wiki iliyopita kijana mmoja kaniandikia: "Shikamoo kaka. Nimepata kazi kwa mbunge, anataka nimwandalie hoja kuhusu mashirika yaliyobinafsishwa. Nianzie wapi?" Nikamwitikia marahaba, nikamwahidi kwamba jibu nitaliandika hapa. Swali hilo nimeshaulizwa mara nyingi na kila mara nimejibu nusu. Nusu niliyokuwa naificha ni ya aibu. Leo naimwaga.

Nilikuwa na shahada ya uchumi na mdomo mrefu. Mheshimiwa niliyekuwa namsaidia alikuwa mtu mwema, msomaji, lakini mwenye haraka. Siku hizo minong'ono ya Serikali kurudisha hisa za TTCL, shirika la simu, ilikuwa imepamba moto, naye alipewa nafasi ya kuuliza kwenye kikao cha kamati moja. Akaniambia, "Nipe kitu kizito." Nikakesha siku tatu kwenye chumba cha lodge pale Dodoma, nikatoka na kurasa 14. Kumi na nne! Ukurasa wa kwanza ulianza hivi: mwaka 2001 Serikali iliuza asilimia 35 ya hisa za TTCL kwa ubia wa MSI ya Uholanzi na Detecon ya Ujerumani, kwa dola milioni 120. Hoja yetu yote ilisimama hapo. Aliyetoa milioni 120 atataka arudishiwe zaidi ya hizo, kwa hiyo Serikali ijiandae kukamuliwa.

Milioni 120 nilizitoa gazetini. Sikuzifuata kokote.

Mheshimiwa akasoma kwa sauti yake ya kanisani. Wajumbe wakagonga meza. Upande wa pili alikaa afisa mmoja mzee, miwani imemshukia puani, wala hakuinua sauti. "Mheshimiwa, hiyo mia na ishirini ni ahadi. Iliyoingia ni sitini. Hizo nyingine ndizo zilizoleta ugomvi." Kimya. Kisha mjumbe mmoja akacheka, wakafuata wengine. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma, kwenye viti vya wasaidizi, nikaangalia viatu vyangu hadi kikao kikaisha.

Dodoma mpaka Morogoro Mheshimiwa hakunisemesha. Gairo tulisimama, akanunua hindi la kuchoma. Moja.

Ajabu ni kwamba mzee yule alikuwa amenipa zawadi. Mwaka 2016 Serikali ilipozichukua tena zile asilimia 35, ambazo wakati huo zilikuwa mikononi mwa Bharti Airtel, kampuni ya simu ya India, ililipa shilingi bilioni 14.9. Kwa dola za mwaka ule haifiki hata milioni 7. Kumbe swali zito lilikuwa mbele ya macho yangu siku zote: kwa nini nusu ya bei haikulipwa, nani alipaswa kuidai, na shirika lilipoteza nini katika miaka ile 15 ya kuvutana? Mimi nilikuwa nimeandika kurasa 14 kuhusu bei.

Basi, kijana, anzia kwenye fedha iliyoingia. Bei iliyotangazwa ni ya kwenye sherehe. Tafuta kilicholipwa, kililipwa lini na kiliingia mfuko gani. Ukishapata, tafuta tena, maana utakuta karatasi mbili zinazopingana.

Nasema hivi kwa kuwa wengi wetu tunaingia kazi hii tukidhani Bunge ndilo linalouza au kukataa kuuza. Hapana. Ibara ya 63 ya Katiba inalipa Bunge kazi ya kuisimamia na kuishauri Serikali, na mikataba inayotakiwa kuridhiwa bungeni ni ile ambayo masharti yake yenyewe yanataka hivyo. Makubaliano ya bandari kati ya Tanzania na Dubai yalifika bungeni, yakaridhiwa tarehe 10 Juni 2023, kwa sababu yalikuwa ya serikali kwa serikali. Ile mikataba ya utekelezaji na DP World, kampuni ya bandari ya Dubai, ambayo kwa maoni yangu ndiyo yenye nyama, ilisainiwa Oktoba mwaka huohuo Ikulu ya Chamwino. Wananchi walibishana miezi mitano juu ya karatasi ya kwanza. Ya pili ilipokuja walikuwa wameshachoka.

Enzi za PSRC, ile tume ya miaka ya tisini iliyosimamia uuzaji wa mashirika, mambo yalikuwa vilevile: mbunge aliletewa habari ya mauzo yaliyokwisha. Benki ya NBC ilipouzwa mwaka 2000, ABSA ya Afrika Kusini ikachukua asilimia 55, Serikali ikabaki na 30 na IFC, tawi la Benki ya Dunia, 15, ugomvi ulikuwa mkubwa mitaani na bungeni. Lakini kazi ya mbunge haikuishia kwenye kulalamika kwamba benki ya Azimio la Arusha imekwenda. Zile asilimia 30 ni za nani? Gawio lake, yaani fungu letu la faida, linakuja? Nani anakaa kwenye bodi kwa niaba yetu, na anasema nini akiwa huko? Hayo unaweza kuyauliza kila mwaka, na ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za Serikali, na vitabu vya Msajili wa Hazina, mtunza hisa za Serikali, vikakusaidia. Wabunge hawayaulizi kwa sababu hayapigiwi makofi. Nimesoma hansadi nyingi, zile taarifa rasmi za maneno yanayosemwa bungeni, ndugu zangu. Neno "(Makofi)" huja baada ya methali, halijawahi kuja baada ya jedwali.

Somo la reli ndilo linaloniuma zaidi. Mwaka 2007 RITES ya India ilichukua asilimia 51 ya TRL, kampuni yetu ya reli, kwa mkataba wa miaka 25, Serikali ikabaki na 49. Ukisoma hisa peke yake utaona mambo ni nusu kwa nusu. Sasa angalia injini na mabehewa: TRL ikawa inayakodi kwa RITES huyohuyo. Mwenye hisa nyingi ndiye mwenye kulipwa kodi, iwe kampuni imepata faida au imepata hasara. Wafanyakazi wakakosa mishahara, wakagoma, Serikali ikaingiza mkono mfukoni. Ndoa ikavunjika hata miaka mitano haijafika. Kwa hiyo tafuta nani analipwa kabla ya gawio. Ni lilelile nililosema juu, fuata fedha, ila hapa unaifuata ikitoka.

Vijana wa siku hizi mnapenda hotuba. Mnamwandikia mbunge maneno ya kusambaa mtandaoni, "nchi inauzwa", na waziri anafurahi sana kusikia hivyo, kwa sababu neno kama hilo halina jibu la lazima. Mwandikie swali moja lenye tarehe na kiasi. Waziri akijibu ovyo, jibu lake litabaki kwenye taarifa rasmi, na mwakani unamrudishia. Someni! Msiwe kama mimi.

Mimi nilijirekebisha. Baada ya ile aibu nilikuwa nampa Mheshimiwa ukurasa mmoja tu, na kila tarakimu ina pa kuishika. Kuna swali lake moja la nyongeza lilimfanya naibu waziri aombe muda wa kwenda kutafuta majibu. Nililiandika mimi, neno kwa neno. Kwenye hansadi limeandikwa jina lake, sawa, wasaidizi hatuandikwi. Hata asante sikupata, lakini hayo tuyaache.

Uchaguzi uliofuata hakurudi. Mwaka jana tulikutana msibani Kilosa, amekonda, amevaa kanzu. Nikamshika mkono, nikampa pole. Akaniangalia kwa muda, kisha akaniinamia sikioni.

"Zile sitini zilizobaki," akasema, "walishazilipa?"