61 Cygni: utaipataje, na kwa nini inasifiwa

Mkuu, umeuliza 61 Cygni, nyota pacha ya kundinyota la Cygnus (Batamaji), iko wapi na kwa nini inasifiwa wakati kwa macho matupu ni kijinukta tu. Mimi huitazama kila msimu, nikujibu kwa nilivyoizoea.

Ngoja usiku usio na mwezi; jioni za Agosti hadi Oktoba ndizo nzuri. Chukua Deneb, Sadr na Epsilon Cygni, nyota tatu angavu za kundi hilohilo, kama pembe tatu za msambamba. Pembe ya nne ndipo ilipo.

Kwa macho usitarajie rangi, nuru yake ni hafifu mno. Weka darubini, kuza mara 30 au 40, inatosha (wanaokimbilia kukuza mara 200 wanajipunja). Utaona nyota mbili, moja imeizidi nyingine kidogo kwa mwangaza. Sasa vuruga fokasi kidogo ili nukta zitanuke, na rangi ya chungwa itajitokeza yenyewe. Kwangu hakuna pea ya rangi hiyo inayoishinda.

Rangi inatokana na joto. Kubwa ina takriban Kelvini (kipimo cha joto) 4,500, ndogo kama 4,100, wakati Jua lina karibu 5,800. Zote ni ndogo kuliko Jua, na hata ukijumlisha nuru zao hazifikishi robo yake. Tunaziona kwa sababu tu ziko jirani, miaka ya nuru 11.4.

Umbali huo ndio uliozipa sifa. Mwanaastronomia Mwitalia Piazzi alikuwa ameshagundua kwamba zinahama haraka angani, na mwenzake Mjerumani, Bessel, akaona kinachohama haraka huenda kiko karibu. Mwaka 1838, akiwa Königsberg (mji wa Prussia wakati huo), akatangaza paralaksi yake, yaani kuyumba kudogo kunakoonekana Dunia inapozunguka Jua, ambako hutumika kupimia umbali: kama sekunde 0.31 za tao (sekunde ya tao ni sehemu moja ya 3,600 ya digrii). Vipimo vya leo vinasema 0.286. Hiyo ndiyo nyota ya kwanza, ukiacha Jua, kutangazwa umbali unaoaminika.

Na mwendo wenyewe unaweza kuushuhudia. Zinahama zaidi ya sekunde 5 za tao kwa mwaka, na nafasi kati yao ni kama 31. Maana yake, kila miaka 6 pea nzima inasogea umbali sawa na nafasi hiyo, kuelekea kaskazini-mashariki. Chora leo pamoja na vinyota hafifu vya jirani, weka alama ya kaskazini, andika tarehe. Usiache vile vinyota. Bila hivyo hutakuwa na cha kulinganishia utakapozichora tena baada ya miaka.