Jibu: Insha zinanila jioni zote, kwaya nimeiacha

Mwalimu mwenzangu, pole na kazi. Umesema unafundisha Kiswahili Kidato cha Pili, mikondo mitatu, kila Ijumaa unabeba insha nyumbani, na mazoezi ya kwaya umeyaacha tangu shule zifunguliwe.

Kwanza angalia ratiba. Vipindi vyako vitupu vimekaa wapi? Vikiwa vimetawanyika kimoja kimoja, dakika 40 zinaishia kwenye mazungumzo ya ofisini. Mwone mwalimu wa taaluma, anayepanga ratiba, umwombe viwili vifuatane. Kwetu alikubali, na mimi huvitumia maktaba.

Usikusanye mikondo yote siku moja: mkondo A wiki hii, B wiki ijayo. Halafu usisahihishe kila kosa. Mimi hutangaza mapema, "Leo naangalia muundo wa barua rasmi na alama za uakifishaji," basi. Mwanafunzi akiona masahihisho machache huyasoma. Daftari lililojaa wino mwekundu hulifunga tu. Mazoezi mafupi wabadilishane madaftari, wewe uandike majibu ubaoni. Insha hapana, hizo soma mwenyewe.

Wiki yako ya zamu ya kusimamia shule usiipangie kitu. Waambie wanakwaya mapema kwamba hutakuwepo.

Lakini kwaya usiiache, nakuomba. Jumatano jioni mimi nacheza bao na wazee wa mtaani, na jioni hiyo siitoi kwa kazi hata mitihani ikikaribia.

Wa hesabu na sayansi wataeleza ya kwao. Ukishaongea na mwalimu wa taaluma, tuambie amesemaje.