Kiwanja cha mlimani Mbeya: unalipia nini hasa

Mleta uzi umeuliza kwa nini viwanja vya miteremkoni Mbeya mjini vinauzwa nafuu kuliko vya Uyole wakati mandhari yake ni nzuri zaidi, na kama vinafaa kwa nyumba ya wageni.

Bei hapa zinafuata lami na maji. Tazama zilikopanda: kandokando ya barabara kuu kuanzia Uyole, upande wa Songwe tangu uwanja wa ndege ufunguliwe mwaka 2012, na Iyunga karibu na MUST (Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya), ambako wanafunzi wanatafuta vyumba. Nyumba ya wageni Mbeya inategemea zaidi wasafiri wa mipakani: Tunduma (Zambia) na Kasumulu (Malawi). Watalii wa ziwa Ngozi na hifadhi ya Kitulo wapo, lakini ni wa msimu. Gari ndogo isipofika mlangoni wakati wa masika, mgeni atalala kwingine.

Unafuu wa mlimani unaliwa na msingi. Chukua kiwanja cha mita 20 kwa 30 kinachoshuka mita 15 kwa kila mita 100. Nyumba yenye upana wa mita 12 kuelekea bondeni itakuwa na tofauti ya mita 1.8 kati ya nyuma na mbele. Ukichimba nusu na kujaza nusu, nyuma unabaki na ukingo wa sentimita 90, mbele kifusi cha kimo hichohicho. Nyumba nyingi hupasuka kwa sababu msingi wa mbele umekaa juu ya kifusi: mvua ikikilowesha kinatitia, nyuma hakuna kinachoshuka, na ufa unakata mshazari kutoka kona za madirisha. Shusha msingi kwa ngazi mpaka udongo wa asili, hata kama mawe yataongezeka sana. Ukingo wa nyuma ujengewe ukuta wa mawe wenye mabomba ya inchi 2 kila mita 1.5, kokoto nyuma yake na mfereji juu. Bila matundu hayo maji hujikusanya na kuusukuma ukuta. Kabla ya kukubaliana bei, pima mteremko kwa mpira wa maji, yaani mpira mwembamba uliojazwa maji ambayo husimama usawa mmoja ncha zote mbili. Kazi hiyo haimalizi saa moja. Ulizia pia shimo la choo la jirani wa juu linamwaga wapi.

Kuna viwanja vya bei rahisi ambavyo ni vya kuacha kabisa. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia ujenzi ndani ya mita 60 kutoka mtoni, na vijito Mbeya ni vingi. Hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Pima mwenyewe kwa futi kamba.

Kwenye hati, chukua namba ya kiwanja na kitalu, fanya upekuzi (kukagua kumbukumbu za umiliki) ofisi ya ardhi, kisha mpima athibitishe bikoni, yaani alama za mipaka, ardhini. Muuzaji mwenye ndoa alete ridhaa ya mwenza kwa maandishi. Ukitoka nje ya mji ukaingia ardhi ya kijiji, saini ya mwenyekiti peke yake haitoshi. Inahitajika idhini ya Halmashauri ya Kijiji. Mkataba uandike wazi nani analipa kodi ya 10% ya faida ya mauzo. Kisheria ni ya muuzaji, lakini isipolipwa uhamisho wa hati unakwama, na anayebaki akisubiri ni mnunuzi.