Samaki Wakigombana, Anza na Saa ya Taa

Msomaji mmoja ameniandikia wiki hii: samaki wake wamechachamaa. Mkubwa anawakimbiza wenzake tangi zima, mdogo kajibanza nyuma ya hita, rangi imekoza, mkia umechanika. Maji yameshabadilishwa, dawa zimeshanunuliwa. Na taa? Huzimwa pale mwenyewe anapokwenda kulala: leo saa tano usiku, kesho saa saba. Kabla ya kununua chupa nyingine ya dawa, irekebishwe taa hiyo.

Chini tu ya fuvu la samaki, juu ya ubongo, kuna tezi pinea, nayo huhisi mwanga yenyewe bila kungoja macho. Giza likiingia, huigeuza serotonini, kemikali inayopitisha ujumbe ubongoni, kuwa melatonini, homoni ya usiku. Mwanga ukirudi, kazi hiyo husimama. Taa ikichelewa kuzimwa, usiku wa samaki nao unachelewa.

Serotonini ya sehemu nyingine za ubongo husaidia kutuliza ukali. Trauti waliolishwa chakula kilichoongezwa triptofani, malighafi ya serotonini, kwa siku 7 walipunguza ugomvi. Lakini usidhani serotonini ikifanya kazi sana basi samaki ana raha. Kwa anayeonewa kila siku mfumo huo haupumziki, ndiyo maana hali wala hajitetei. Yule wa nyuma ya hita msimwite mvivu, tafadhali.

Funga taima, kifaa cha kuwasha na kuzima taa kwa saa ulizopanga. Tangi la kawaida linatosheka na saa 10 hadi 12 za mwanga. Samaki wadogo aina ya danio wa milia wanaozalishwa hupewa saa 14, na hutaga mara tu kunapokucha. Ukitaka kurefusha au kufupisha siku, sogeza dakika 15 kila baada ya siku 2, usiruke saa nzima kwa mkupuo. Washa taa ya chumba kwanza, ya tangi ifuate baada ya dakika 20 hadi 30. Jioni fanya kinyume chake. Mwanga wa ghafla huwashtua samaki, wakajigonga kwenye kioo au kuruka nje. Lisha nusu saa baada ya taa kuwaka, na mlo wa mwisho uwe saa moja kabla ya kuzima. Pampu ya hewa isizimwe usiku, kwa sababu mimea nayo gizani hutumia oksijeni.

Taima ya kuzungusha kwa mkono ina ugonjwa wake: umeme ukikatika kwa saa 3, nayo husimama kwa saa 3, na kuanzia hapo alfajiri ya samaki inaangukia mchana. Ikague kila umeme unaporudi, au tumia ya betri. Halafu simama mbele ya tangi usiku: ukiweza kutambua rangi za samaki, bado kuna mwanga unaopenya. Ziba upande huo kwa kitambaa kizito.

Wanaofuga vifaranga vya kambale msiige ratiba hii. Hao ni samaki wa giza. Mwanga mrefu huwazidishia ukali na kulana wenyewe kwa wenyewe. Wapunguzieni mwanga, wawekeeni mabomba ya kujificha, na watengeni kwa ukubwa.

Subiri wiki 2 kabla ya kuamua kama ratiba imesaidia. Ila aliyechanika mkia asisubiri: mhamishe leo, tangi lake jipya lifuate saa zilezile za taa, na atakaporudi panga mawe upya kwanza, ili yule mbabe asikute mipaka yake ya zamani.