Kirusi kipya au virusi vipya?

SWALI: Natafsiri taarifa za afya ya jamii zinazosomwa redioni. Juzi niliandika, "Watafiti wamekitenga kirusi kipya." Mhariri akakata, akaweka "wamevitenga virusi vipya", akaniambia kirusi ni lugha ya Warusi, hakuna kingine. Nani kati yetu yuko sahihi? Pili, je, chikungunya ni Kiswahili? Na niseme imeingia au kimeingia?

JIBU: Mhariri wako ana hoja ya historia, ila ya matumizi hana. Neno lililotufikia ni virusi, na asili yake ni Kilatini. Huko lilikuwa na maana ya sumu au majimaji mabaya, na halikuwa na wingi, kama vile sisi tusivyohesabu maziwa. Lilipoingia kwetu, sikio la Mswahili likasikia vi- mwanzoni, likaamua kwamba hapa pana vitu vingi. Na penye vitu vingi hakikosekani kimoja. Ndipo kirusi kikazaliwa.

Mchezo huo ni wa zamani. Kitabu kilitoka Uarabuni kikiwa neno zima. Sisi ndio tuliolikata ki- na -tabu, tukapata vitabu. Madereva nao wana kiplefti na viplefti, neno lililotokana na kibao cha Kiingereza cha kuwaambia washike kushoto. Kwenye virusi tumekwenda kinyumenyume tu, kutoka wingi kurudi umoja. Wala hatukufanya hivyo kila mahali: sijamsikia mtu akimeza kitamini kimoja, na viza ya pasipoti, kwa bahati njema, haikugeuka kiza.

Kuhusu Warusi, maandishi yana herufi kubwa ya kututoa kwenye utata. Redio haina. Mwaka 2021, nchi kadhaa za Afrika zilipopokea Sputnik V, "chanjo ya Kirusi" ilisomeka vizuri gazetini, lakini msikilizaji aliyefungua redio katikati ya habari angeweza kudhani ni chanjo ya kirusi, yaani chanjo yoyote ile. Dawa yake ni kusema "chanjo ya Urusi" ukapita. Hiyo si sababu ya kulifuta neno kirusi katika lugha.

Kwa sababu tunalihitaji, na hapa ndipo ninapotofautiana na mhariri wako hasa. Virusi ni wingi, lakini wingi wa nini? Ndani ya mwili wa mgonjwa mmoja kuna mamilioni ya chembe za namna moja: hivyo ni virusi. Mtafiti naye huhesabu aina. Mwaka 1976 ugonjwa mmoja wa kutisha ulizuka karibu wakati mmoja Yambuku, katika Zaire ya wakati huo, na Nzara, kusini mwa Sudan. Ilidhaniwa ni moto mmoja uliovuka mpaka. Uchunguzi ukaja kuonyesha kwamba ni virusi viwili: kirusi cha Ebola cha Zaire na kirusi cha Ebola cha Sudan. Hebu jaribu kuisema habari hiyo bila ki-. Utaishia kwenye "virusi vya aina hii na virusi vya aina ile", na msikilizaji atabaki anahesabu vidole.

Tena haikuwa hesabu ya darasani. Uganda ilipopata mlipuko mwaka 2022, ulioanzia Mubende, wengi waliuliza mbona watu hawachanjwi wakati chanjo ya Ebola ipo. Chanjo ilikuwapo kweli, lakini iliyokuwa imeidhinishwa ilikinga dhidi ya kirusi cha Zaire, na kilichozuka Mubende ni kile cha Sudan. Taarifa iliyosema "chanjo ya virusi vya Ebola" ilikuwa sahihi kisarufi, na bado ilimwacha mwananchi akiamini kwamba ananyimwa kitu kilichopo.

Basi mimi huandika hivi: kirusi ninapotaja aina moja yenye jina lake, virusi ninapotaja chembe zilizo mwilini, kwenye damu au hewani. Kirusi cha Zika kilitengwa mwaka 1947 kutoka kwenye damu ya kima aliyewekwa kizimbani juu ya mti katika msitu wa Zika, karibu na Entebbe, na watafiti waliokuwa wakifuatilia homa ya manjano. Ila mbu akimuuma mtu, anamwachia virusi. Sentensi yako ya kwanza, "wamekitenga kirusi kipya", irudishe ilivyokuwa. Ya mhariri inaweza kumfanya msomaji adhani vimepatikana vipya viwili au vitatu.

VVU usiviguse. Ni kifupi cha Virusi vya UKIMWI, kimekwishaota mizizi, na hakuna atakayekubali kuishi na KCU. Angalia upatanisho tu. Nasikia "VVU inaambukizwa" kila siku, wakati V ya kwanza pale ni virusi, kwa hiyo "vinaambukizwa". Waandishi wajanja hujificha nyuma ya hu-: "VVU huambukizwa kwa…", na hapo hakuna wa kuwakamata.

Hukuliuliza hili, lakini nimeona swali lako limelikaribia. Viumbe wenye ki- katika Kiswahili hufuata upatanisho wa viumbe hai: kiroboto ameruka, kifaru amelala. Mbona basi hatusemi kirusi amegunduliwa? Wanasayansi wenyewe hawajakubaliana kama kirusi ni kiumbe hai, kwa kuwa hakiwezi kuzaliana bila kuingia kwenye seli ya kiumbe kingine. Wasemaji wa Kiswahili hawakungoja uamuzi wao. Walisema kimegunduliwa, kimeenea, kimejibadilisha, wakakiweka pamoja na kiti na kisu. Bakteria ndio wanaotusumbua: huyu anaandika "bakteria wanaosababisha", yule "bakteria inayosababisha". Mimi niko na wa kwanza.

Sasa chikungunya. Si Kiswahili, ingawa nimeshaona makala nyingi zikidai hivyo. Ni Kimakonde, na maana yake ni kile kinachokunja au kupinda, kwa jinsi maumivu ya viungo yanavyomfanya mgonjwa atembee ameinama. Ugonjwa ulitambuliwa katika mlipuko wa mwaka 1952 kwenye uwanda wa Wamakonde, kusini mwa Tanganyika. Itazame hiyo chi-: ni ndugu wa damu wa ki- yetu. Kwa mzawa wa Newala, chikungunya ina kiambishi chake kamili mwanzoni. Sisi tumelichukua neno zima bila kulifungua, tukalitia kwenye ngeli ya malaria na surua. Kwa hiyo sema "chikungunya imeingia". Ukitaka ki-, itafute kwenye kirusi chenyewe: "kirusi cha chikungunya kimeonekana tena".

Dengue je? Hapo Kiswahili kina dai zuri zaidi. Daktari James Christie, aliyekuwapo Unguja wakati wa mlipuko wa mwaka 1870, aliandika kwamba wenyeji waliiita homa ile kidinga pepo, na kamusi kadhaa za kigeni hudhani kwamba jina la dengue lilitokana na neno hilo, likapitia Kihispania. Kinachochekesha ni kwamba watafiti waliozisoma upya habari zile, wakaona jinsi viungo vilivyowauma wagonjwa kwa muda mrefu, wanashuku kwamba homa ya Unguja ilikuwa chikungunya. Ikiwa ni kweli, jina letu limekwenda kwa ugonjwa mwingine. Vyovyote iwavyo, siku hizi tunasema kidingapopo, na kwa kuwa hili ni letu na ki- yake ni ya kweli, ningekuandikia "kidingapopo kimezuka". Wengi watakuandikia "imezuka". Hapo mwachie mhariri wako achague.